Farumi ya mchanga kwenye pikapu kuukuu: nimepakia kilo 200, sasa gari lina magonjwa matano

KobeWaTheluji

Wakuu, habari za jioni.

Nina pikapu ya zamani: kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa), gia za mkono, na tairi za nyuma ndizo zinazosukuma. Niliichukua mahsusi kwa msimu wa theluji ili gari langu jingine lisiliwe na chumvi ya barabarani. Wazo lilikuwa tamu nikiwa nimekaa ndani. Theluji ya kwanza tu nikagundua kwamba pikapu tupu kwenye utelezi ni mbuzi kwenye sakafu ya sabuni: mbele inakwenda, nyuma ina safari yake. Kilima kifupi cha kuingilia maegesho kilinishinda. Tairi zinazunguka palepale mpaka zinaing'arisha barafu kama kioo.

Jirani akaniambia niweke uzito nyuma. Watu wa majahazi wana neno lake, farumi: chombo kikirudi kitupu hutiwa mchanga au mawe tumboni kisipinduke. Nami nikatia farumi yangu, mifuko 8 ya mchanga, kilo 25 kila mmoja, jumla 200. Nikafungua mlango wa nyuma wa bodi, nikaitupa palepale mwishoni, nikafunga, nikaondoka najiona nahodha.

Kilima sasa napanda. Lakini tangu hapo usukani umekuwa mwepesi kupita kiasi, nikikata kona pua inataka kwenda moja kwa moja. Nikifika 60 kwa saa gari zima linatetemeka. Nikishika breki kuna kitu kinagonga "du!" nyuma ya mgongo wangu. Injini inazima baada ya robo saa ya safari, nikikaa dakika kumi inawaka kama hakijatokea kitu. Hita inatoa uvuguvugu tu. Na asubuhi selfu (mota ya kuwashia injini) inazunguka kwa kusuasua, kama imelazimishwa.

Je, ni mchanga ndio umeniharibia gari? Niutoe?

BandoLimeisha

Nimeweka kambi hapa. Ngoja waje wenye spana.

(Magonjwa matano ulisema, mimi nahesabu sita.)

SinaHaraka

Toa mchanga. Gari lilikuwa zima, umeweka mzigo, limeumwa. Hapo unatafuta mchawi wa nini? Propela, ule mtaimbo unaopeleka nguvu ya injini nyuma, imeshakaa vibaya kwa sababu nyuma imelala, ndiyo maana inatetemeka.

MzeeWaSpana

Kijana, umeandika magonjwa sita kwenye cheti kimoja halafu unatafuta kidonge kimoja. Tutenganishe. Nijibu haya kabla hujanunua hata skrubu:

Mifuko iko umbali gani kutoka ekseli ya nyuma? Mtetemo unaanza tangu unatoka nyumbani, au baada ya kupita kwenye theluji nzito? Injini inazima siku zipi, za baridi kali kabisa au za baridi ya kawaida yenye ukungu? Na mshale wa joto unakaa wapi ukiwa safarini?

Swali la tatu ulijibu kwa makini kuliko yote.

KobeWaTheluji

Shikamoo mzee. Majibu:

Mifuko iko kama mita 1 nyuma ya ekseli, imegusana na mlango. Mtetemo sijawahi kuangalia unaanza lini, nitaangalia. Mshale wa joto unapanda robo tu na kukaa hapo, nikishuka mteremko unarudi chini kabisa.

Kuhusu kuzima, umenishtua. Wiki iliyopita tulikuwa na siku mbili za nyuzi 20 chini ya sifuri, nilikwenda na kurudi bila shida yoyote. Ilizima Jumanne na Ijumaa. Siku hizo zilikuwa za ukungu, nyuzi 1 au 2 juu ya sifuri. Nilidhani ni bahati tu.

MzeeWaSpana

Marahaba. Si bahati. Injini tutairudia, usiguse kitu bado.

FizikiaKidogo

Mimi si fundi, ila suala la mifuko ni mizani tu, na mizani naielewa.

Tuseme kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.8. Umeweka kilo 200 mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma. Hapo ekseli ya nyuma ndiyo nguzo ya bembea. Zidisha 200 kwa 1, gawanya kwa 2.8, unapata takriban kilo 71. Hizo ndizo kilo ulizoziondoa kwenye tairi za mbele. Nyuma kumeongezeka 271, si 200. Ni sawa na kumshusha mtu mzima aliyekuwa amekaa juu ya boneti. Halafu unashangaa kwa nini usukani mwepesi!

Sogeza mifuko hiyohiyo juu ya ekseli kabisa, mbele hakupungui kitu. Isogeze sentimita 20 mbele ya ekseli, tairi za mbele zinapata kama kilo 14 za nyongeza na 186 zinabaki nyuma. Mchanga ni uleule, gari ni tofauti.

MamaMizigo

Huyo wa mizani kamaliza, mimi naongeza ya mikono.

Nimeendesha pikapu ya aina hiyo kwenye theluji misimu mingi, mwanangu. Uzito ukae juu ya ekseli au mbele yake kidogo, katikati ya yale matuta mawili ya bati yanayofunika tairi. Kisha pima ubao mzito, uupitishe kutoka upande hadi upande mbele ya mifuko, na mwingine nyuma yake. Bodi nyingi za pikapu zina vishimo vimefinyangwa kwenye bati karibu na matuta hayo, ubao unakaa humo wenyewe. Ukimaliza, kaza mikanda juu. Hiyo "du!" unayoisikia ukishika breki ni mifuko inakufuata.

Usiicheke hiyo. Mchanga wenye unyevu ukiganda hauwi mchanga tena, unakuwa jiwe la kilo 25 lenye umbo la mto wa kulalia. Mwaka mmoja nilishika breki kwa nguvu, mfuko ukateleza urefu wote wa bodi na kupasua kioo cha nyuma ya kichwa changu. Nilikaa kimya dakika nzima nikiwa na vipande vya kioo kwenye ukosi wa koti. Ule ulikuwa mfuko mmoja, wewe una nane.

Kwa hiyo tafuta mchanga mkavu, utie kila mfuko ndani ya mfuko mwingine wa plastiki mnene, funga mdomo. Mkavu hauungani. Siku ukikwama unafungua mmoja, unamwaga mbele ya tairi. Uliogandana hautakusaidia kitu, utaupiga teke tu.

BandoLimeisha

Swali la mtu mvivu: kwa nini asiache theluji ijae kwenye bodi? Uzito wa bure.

MamaMizigo

Theluji mpya ni nyepesi mno, mita nzima ya ujazo inaweza isifike hata kilo 100. Bodi ikijaa hadi juu bado una uzito mdogo kuliko mifuko yake minne, halafu ukienda kasi inaruka na kumfunika macho dereva wa nyuma yako. Ikiyeyuka inaganda sakafuni na huwezi tena kushusha chochote.

Na kabla hujauliza: pipa la maji pia hapana. Likiwa maji linayumba kila kona, likiganda linapasuka.

BandoLimeisha

Nilikuwa nakuja na pipa kweli. Nimerudi kukaa.

SinaHaraka

Sawa, nakubali kuhusu mahali pa kuweka. Lakini bado naona mnampoteza. Gari zito haliwezi kusimama haraka kama jepesi. Mnampa kilo 200 za kumsukuma akishika breki.

FizikiaKidogo

Hapo umesema kweli nusu, na nusu hiyo ni muhimu, kwa hiyo nisiipite.

Msuguano wa tairi na barabara unaongezeka kadiri uzito unavyoongezeka, lakini kitu cha kusimamisha nacho kimeongezeka kwa kiasi kilekile. Kwa hesabu ya karatasi vinafutana, barafu haikupi nafuu wala haikuadhibu sana, ila breki zenyewe zina kazi zaidi na kwenye kona mkia mzito ukishaanza kuteleza haurudi kirahisi. Kuondoka ni habari nyingine: kinachoamua ni sehemu gani ya uzito wote iko juu ya tairi zinazosukuma. Pikapu tupu sehemu hiyo ni ndogo, injini yote iko mbele. Ukiongeza kilo juu ya ekseli ya nyuma, sehemu hiyo inakua.

Kwa kifupi farumi inamsaidia kuondoka na kupanda. Asiitegemee kusimama.

MzeeWaSpana

Na kusimama ni kazi ya tairi. Kijana, nenda ubavuni mwa tairi utafute herufi DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Niandikie hapa. Ukiwa hapo chini pima upepo pia, gari likiwa limelala nje usiku kucha.

Halafu chungulia karibu na difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma. Baadhi ya pikapu za zamani zina fimbo nyembamba ya chuma kutoka ekseli ya nyuma kwenda kwenye vali ya breki iliyofungwa kwenye chesisi. Fimbo hiyo ndiyo inayopima mzigo. Nyuma ikilala, vali inazipa breki za nyuma presha zaidi, nyuma ikiinuka, inazipunguzia ili zisifunge tairi. Ikishikwa na kutu inabaki na wazo moja tu: ama breki za nyuma dhaifu siku una mzigo, ama zinafunga mapema siku uko mtupu. Ukiiona yako haisogei, usiipige nyundo. Mpelekee fundi wa breki.

Na kilo 200 ni nyingi kidogo. Soma kibati kwenye fremu ya mlango wa dereva, kinataja uzito wa juu unaoruhusiwa. Wewe, abiria na chochote utakachopakia baadaye vinahesabiwa humo pamoja na mchanga. Anza na mifuko 5 au 6, uone.

KobeWaTheluji

MREJESHO WA KWANZA

Nimebakiza mifuko 6, kilo 150, juu ya ekseli na mbele kidogo, mbao mbili, mikanda miwili. Usukani umerudi! Nilijaribu kwenye uwanja mtupu, nikikata kona pua inakubali. "Du!" imekwisha pia. Kilima bado napanda na mifuko 6 vilevile kama 8.

Kitu ambacho sikukitegemea: taa. Usiku nilikuwa nadhani watu wa huku wana hasira tu, kila anayekuja mbele ananipigia taa. Kumbe mkia ulikuwa umelala na taa zangu zinaangalia mbinguni. Nikiwa na mifuko 6 mahali sahihi gari limenyooka kidogo, lakini nitashusha taa kabisa.

Tairi zinasoma 3111. Zina mikunjo myembamba ubavuni kama uso wa bibi yangu (namheshimu sana). Upepo nilijaza gereji ya ndani yenye joto, nikaacha sawasawa na kibati. Asubuhi nje kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri zote nne zimepungua kama psi 6. Zinavuja zote?

MzeeWaSpana

Hazivuji. Hewa baridi hujikunja. Hesabu psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za baridi. Kutoka gereji yenye 20 hadi nje penye 15 chini ya sifuri ni nyuzi 35, hiyo ndiyo psi 6 yako. Jaza zikiwa zimelala nje.

3111 maana yake wiki ya 31 ya mwaka 2011. Mpira huo umekuwa ubao. Tairi za kawaida huanza kuwa ngumu joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, sasa ongeza na umri. Ungeniuliza kwanza ningekwambia nunua tairi nne za theluji kabla ya kupakia hata kijiko cha mchanga. Nne, si mbili. Ukifunga mbili nyuma tu utapanda vizuri na kuingia mtaroni vizuri.

SinaHaraka

Na mtetemo je? Mimi bado niko kwenye propela.

KobeWaTheluji

Mtetemo ndio unanichanganya. Jana asubuhi nimetoka, barabara kavu, nikafika 80, gari limetulia tuli. Nikasema mifuko ilikuwa mchawi, imekwisha. Nikapita barabara ya ndani yenye theluji ya kufika kwenye rimu, nikaegesha saa tatu kazini. Kurudi, 60 kwa saa, usukani unacheza mikononi kama mashine ya kusaga. Mchanga ni uleule, sijagusa.

MamaMizigo

Hahaha! Mwanangu, chukua tochi, piga goti, angalia ndani ya rimu, upande wa ndani unaotazama breki. Rudi utuambie.

KobeWaTheluji

Nimetoka huko sasa hivi, magoti yameloa.

Ndani ya rimu ya kushoto mbele kuna bamba la barafu nene kama kiganja changu, limekaa upande mmoja tu, jeusi kwa vumbi la breki, limeshika kama limechomelewa. Kulia mbele kuna nusu yake. Nimetumia mpini wa ufagio kuligonga taratibu, likatoka kipande kizima chenye umbo la rimu, unaweza kuona alama za nati. Nimelipima kwenye mizani ya bafuni kwa udadisi: kilo 1 na kitu.

Nimeendesha. 80 kwa saa. Tuli.

FizikiaKidogo

Na fundi anayesawazisha tairi anaweka risasi za gramu 20, 30. Wewe ulikuwa na kilo nzima.

SinaHaraka

Naondoa propela yangu mezani. Ila kwa kumbukumbu, nyuma ikilala sana pembe ya propela hubadilika kweli na krosi (kiungo cha propela) kuukuu huanza kulia. Ila safari hii haikuwa hiyo.

MzeeWaSpana

Ni kweli, na ungeijua kwa sababu ingetetemeka kila siku, kavu na mvua, hasa ukivuta kwa nguvu. Mtetemo unaokuja baada ya theluji na kuondoka baada ya joto hauna haja ya spana.

Sasa injini. Siku ya ukungu ikizima, usiwashe tena. Fungua boneti hapohapo, toa kifuniko cha chujio la hewa, fungua choki (kijimlango cha juu ya kabureta) kwa kidole, mulika kooni mwa kabureta. Una dakika chache tu, joto la injini likipanda huko ushahidi unayeyuka. Tuambie unachoona.

ChujioSafi

Mzee samahani, kwa dalili hizo mimi ningeangalia pampu ya mafuta na koili (inayotoa umeme wa plagi). Koili ikipata joto inakata, ikipoa inarudi. Dakika kumi kabisa.

MzeeWaSpana

Hoja nzuri, koili nyingi zinakufa hivyo. Lakini koili inayokata kwa joto ingemsumbua hata siku ya nyuzi 20 chini ya sifuri, injini inapata moto siku zote mbili. Yake inazima siku ya unyevu tu. Atazame kwanza, kutazama ni bure.

KobeWaTheluji

MREJESHO WA PILI, naandika nikiwa kando ya barabara, vidole vimekufa ganzi.

Imezima. Ukungu, nyuzi 2 juu ya sifuri. Nimefungua haraka. Wakuu, kooni mwa kabureta kuna BARAFU. Chini kule kwenye kile kisahani kinachofunguka ukikanyaga mafuta, kingo zote nyeupe, kama friji lisilofunguliwa mwaka mzima. Nje ya kabureta kuna jasho limeganda. Injini yenyewe ya moto siwezi kuigusa, na sentimita chache pembeni yake barafu! Nimesimama naangalia mpaka ikaanza kudondoka maji. Sasa inawaka.

Hii ni nini?

MzeeWaSpana

Petroli ikigeuka mvuke inanyonya joto, na hewa ikipita kwenye koo jembamba inapoa zaidi. Kwa pamoja vinaweza kushusha joto mle ndani kwa nyuzi 20 na zaidi. Hewa ya ukungu imebeba maji mengi, yanaganda kwenye kisahani, njia inazibika, injini inakosa pumzi. Ikizima, joto lake linapanda juu, barafu inayeyuka, unawasha, unaondoka ukiamini ni mapepo. Siku ya baridi kali hewa ni kavu, haina maji ya kugandisha. Ndiyo maana nilikuuliza siku.

Watengenezaji walilijua hilo. Angalia bomba la eksozi pale linapotoka kwenye injini, kuna koti la bati lenye tundu la mviringo. Kisha angalia chini ya mdomo wa chujio la hewa, kuna tundu kama hilo. Kati yake panatakiwa hozi ya bati jepesi inayokunjika, inapandisha hewa ya moto. Yako ipo?

KobeWaTheluji

Tundu la chini lipo. La juu lipo. Kati yake hakuna kitu, upepo tu.

MzeeWaSpana

Haya.

BandoLimeisha

"Haya." Mzee kafunga kesi kwa neno moja.

MzeeWaSpana

Hozi hizo huchakaa, zinachanika, mtu anazing'oa na kusema hazina kazi. Msimu wa joto kweli hazina. Pima kipenyo, nunua, funga na klipu. Na mle ndani ya mdomo wa chujio kuna kijimlango kinachochagua hewa ya moto au baridi. Hakikisha kinacheza, la sivyo hozi itakuwa pambo.

Kwa hita, fanya hivi: injini ikiwa baridi kabisa, washa, shika hozi ya juu ya rejeta. Inatakiwa ikae baridi dakika kadhaa halafu ipate joto kwa ghafla thermostati ikifunguka, yaani vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Ikianza kupata joto polepole tangu mwanzo, thermostati iko wazi.

ChujioSafi

Wakati unasubiri, weka kadibodi mbele ya rejeta nusu. Inasaidia hita.

MamaMizigo

Inasaidia, na imeunguza injini za watu walioisahau siku joto lilipopanda. Ukiweka, jicho kwenye mshale. Mimi naona ni bandeji tu.

KobeWaTheluji

MREJESHO WA TATU

Hozi ya hewa ya moto nimefunga. Kijimlango kilikuwa kimeganda kwa uchafu, nimekisafisha kikacheza. Siku tatu za ukungu mfululizo, haijazima hata mara moja.

Hozi ya rejeta ilianza kupata joto tangu sekunde za kwanza. Nikanunua thermostati ya nyuzi 88 na kufungua nyumba yake. Mnajua nilikuta nini ndani? Hakuna kitu. Si kwamba imekwama, HAIPO. Gasketi tu na nafasi yake.

MzeeWaSpana

Gari hilo limepita mikononi mwa fundi aliyejifunzia nchi ya joto. Sisi wenyewe tumezitoa nyingi na kuzitupa, injini ikichemka tunasema thermostati ndiyo adui. Huku injini isiyofika joto lake inakunywa petroli kama ngamia, oili inachafuka, na wewe unaganda ndani.

Ulivyoirudisha, kulanti (dawa ya rejeta ya kuzuia maji yasigande) ulichanganya vipi?

KobeWaTheluji

Nilitaka kumimina kulanti tupu bila maji, iwe kali zaidi. Nimekosea?

MzeeWaSpana

Umeuliza kwa wakati. Kulanti ya glaikoli tupu inaganda mapema kuliko iliyochanganywa: tupu kama nyuzi 13 chini ya sifuri, nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa (distilled) kama 37 chini. Changanya nusu kwa nusu. Kisha toa hewa kwenye mfumo, hita ikiwa imefunguliwa moto wote, la sivyo utakuja kulalamika tena.

KobeWaTheluji

Nimechanganya. Mshale unakaa katikati. Leo nimevua glavu nikiwa naendesha, kwa mara ya kwanza.

Imebaki selfu. Duka wameniambia betri imekufa. Nimepima asubuhi kabla ya kuwasha: volti 12.6.

ChujioSafi

Hapo sasa niachieni mimi! 12.6 imejaa. Ni kweli baridi inaipunguzia betri nguvu, kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri hubaki chini ya nusu ya nguvu ya kusukuma. Lakini kabla ya kununua pima upotevu wa umeme njiani. Mita kwenye volti, ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri yenyewe, si klipu, ncha nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Mtu azungushe selfu. Ikizidi volti 0.2 au 0.3, umeme unapotea njiani kabla haujafika. Na uangalie pia betri yenyewe ikishuka hadi ngapi wakati huo, isipite chini ya 9.6.

KobeWaTheluji

Betri 10.4 wakati wa kuzungusha. Hasi hadi injini: 0.9.

Waya wa erthi unaoshika injini ni ule wa kusuka, umekuwa wa kijani na nyuzi zilizobaki nahesabu kwa vidole. Nimeweka mpya, nimekwangua rangi na kutu pale unapofungwa mpaka chuma kikang'aa. Sasa 0.1. Selfu inazunguka mpaka naogopa. Betri "iliyokufa" bado ninayo.

SinaHaraka

Kwa hiyo mchanga ulisababisha usukani, kishindo na taa. Basi. Mengine yalikuwepo kabla.

Natoa kauli yangu ya kwanza. Usitoe mchanga.

MamaMizigo

Mpaka theluji iishe. Siku ya mwisho ya theluji uutoe siku hiyohiyo, mwanangu, unyevu chini ya mifuko unakula bati la bodi. Na kukiwa na baridi kali baada ya kuosha gari au kupita kwenye maji, usivute hendibreki, kebo inaganda. Acha kwenye gia, weka kigingi chini ya tairi.

KobeWaTheluji

Nimeelewa mama, asante. Asante sana mzee, na wote. Tairi nne nimeagiza. Fimbo ya vali ya breki ilikuwa imeshikana, iko kwa fundi, nimeambiwa kesho.

Jana nimefungua mfuko mmoja. Si kwa ajili yangu, jirani yule aliyenishauri alikwama kwenye kilima kilekile na gari lake jipya la foo-wili. Nimemwaga nusu mfuko mbele ya tairi zake, akapanda. Kwa hiyo farumi imebaki mifuko mitano na nusu, nitaujazia.

Jambo moja dogo: tangu juzi nikirudi rivasi kuna kitu kinalia "kwi kwi kwi" upande wa kulia nyuma. Mbele hakilii. Nifungue uzi mwingine au tuendelee hapahapa?

BandoLimeisha

Hapahapa. Sijahamisha kambi.